Turbo na supachaja ya umeme kwenye injini moja: mwongozo kwa fundi na mwenye gari wa Malindi

Magari yenye turbo ya kawaida pamoja na supachaja inayozungushwa na umeme, zote mbili zikiwa za kusukuma hewa ndani ya injini, yameshaanza kufika Pwani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo yale yaliyouzwa mapya ng'ambo ndani ya muda huo ndiyo yanayoshuka bandarini Mombasa miaka hii, kisha yanapanda barabara ya Kilifi hadi kwetu. Mnunuzi huambiwa "ni turbo" na basi. Fundi naye hukutana na supachaja ya umeme kwa mara ya kwanza siku gari linapoletwa gereji halivuti.

Hapo ndipo pesa za watu hupotea. Turbo inafunguliwa, inapelekwa Mombasa kutengenezwa, inarudi, inafungwa, na gari bado halivuti, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye plagi ya nyaya za supachaja ya umeme. Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio mmoja ambao naomba usiuruke: umeme kwanza, hewa pili, turbo mwisho.

Hatua ya 1: Jua nani anafanya kazi, na wakati gani

Turbo hula moshi. Moshi wa injini ya petroli iliyobebeshwa mzigo unaweza kukaribia nyuzi 1,000 za joto. Unapotoka kwenye silinda hupiga gurudumu dogo upande wa ekzosi, na gurudumu la pili lililo kwenye shafti hiyo hiyo hubana hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Udhaifu wake ni ule ule tangu hapo: injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 au 1,500 kwa dakika moshi ni haba, gurudumu halijashika kasi, na dereva anakanyaga mafuta akingoja. Kila aliyewahi kutaka kulipita lori la chumvi baada ya Gongoni anakujua kungoja huko.

Watengenezaji walijaribu kuliziba pengo hilo kwa supachaja ya mkanda, inayozungushwa na injini yenyewe, ikisaidiana na turbo. Lancia Delta S4 ya 1985 ilikuwa nazo zote mbili. Nissan ikafanya hivyo kwenye March ndogo mwishoni mwa miaka ya 1980, na Volkswagen kwenye Golf ya lita 1.4 kuanzia 2005. Zilivuta vizuri, ila mkanda hula nguvu ya injini, na vyuma vinakuwa vingi.

Mota ya umeme haingoji moshi wala mkanda. Mwaka 2016 Audi ilitoa SQ7 ya dizeli: injini ya V8 ya lita 4, turbo mbili za moshi na supachaja moja ya umeme yenye nguvu ya hadi kilowati 7. Supachaja hiyo hufika mizunguko 70,000 kwa dakika kabla robo sekunde haijaisha, na injini hutoa nyutonimita 900 kuanzia mizunguko 1,000 tu. Mwaka uliofuata Mercedes-Benz ikaleta injini ya silinda 6 iitwayo M256, ya lita 3, ambayo supachaja yake hufika mizunguko 70,000 ndani ya sekunde 0.3. Land Rover ikafuata mwaka 2019 na injini yake ya petroli ya silinda 6, kwanza kwenye Range Rover Sport HST, kisha kwenye Defender P400. Hiyo hufika mizunguko 65,000 kwa nusu sekunde.

Ukiwasha jiko la makaa, upepeo unauhitaji mwanzo tu; makaa yakishashika unauweka kando. Kazi ya supachaja ya umeme ni hiyo. Inasukuma hewa kwa sekunde moja au mbili mpaka moshi utoshe kuizungusha turbo, kisha kilango cha pembeni kinafunguka, hewa ya turbo inapita bila kuigusa, nayo inatulia.

Kwa hivyo namna gari linavyokosa nguvu inakueleza pa kuanzia:

Gari likiwa zito kuondoka, halafu likichangamka baada ya mizunguko 2,000 au 2,500, shuku upande wa umeme, au kilango cha pembeni kilichokwama wazi. Kikikwama wazi, hewa inayosukumwa na supachaja inazunguka na kurudi ilikotoka, injini haipati kitu.

Likiondoka vizuri lakini likaishiwa pumzi kwenye mwendo, shuku turbo, au kilango cha pembeni kilichokwama kikiwa kimefungwa. Kikifungwa, hewa yote ya turbo inalazimishwa kupenya kwenye gurudumu dogo la supachaja.

Likiwa zito mwanzo hadi mwisho, hewa inavuja mahali, au filta imeziba.

Muulize mwenye gari maswali hayo kabla hujafungua boneti. Jibu lake litakupunguzia nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Thibitisha gari lina nini hasa

Usiamini nembo iliyobandikwa nyuma. Injini ile ile ya M256 iko kwenye magari yenye supachaja ya umeme, kama Mercedes-AMG CLS 53, na kwenye mengine yasiyo nayo. Chukua namba ya chesisi, ipeleke kwa muuzaji spea mwenye katalogi ya mtengenezaji, akuonyeshe orodha ya vilivyofungwa.

Kisha tazama kwa macho. Supachaja ya umeme ina nyumba ya aluminiamu iliyojiviringa kama ya turbo, lakini hakuna bomba la moshi linaloigusa, na haina rangi ya kuungua. Badala yake utaona nyaya mbili nene, plagi ndogo ya mawasiliano, na kwa nyingi, mipira ya maji ya kupozea. Kwenye M256 utaona jambo jingine linaloshangaza mafundi: mbele ya injini hakuna mkanda hata mmoja. Alteneta na stata ni kitu kimoja, kimekaa kati ya injini na giaboksi, na kompresa ya AC inazungushwa kwa umeme.

Kama bado unanunua, nenda asubuhi injini ikiwa baridi na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Supachaja hizi hutumia betri yake ya volti 48, mbali na ile ya kawaida ya 12, kwa hivyo muulize waziwazi: "Kaka, betri ya volti 48 imewahi kuguswa? Nani aliigusa?" Asipojua kuna betri ya pili, basi hajui gari lake limehudumiwa vipi, na bei inapaswa kuzungumzwa upya.

Hatua ya 3: Kabla ya kutia mkono

Umeme wa volti 48 uko chini ya kiwango cha volti 60 ambacho kinahesabiwa kuwa cha hatari kwa mwili, ndiyo maana nyaya zake hazilazimiki kuwa za rangi ya chungwa. Lakini usiuchukulie kama betri ya kawaida. Kwenye volti 12 ukichomoa waya wenye mzigo unaona cheche, inazima. Kwenye volti 48 cheche inaweza kushikilia na kuendelea kuwaka kati ya ncha mbili, ikayeyusha plagi na kuunguza vidole. Spana ikigusa ncha na bodi kwa wakati mmoja itageuka nyekundu mkononi mwako.

Zima gari. Toa ufunguo wa mfukoni uuweke mbali, kwa sababu mengi ya magari haya huamka ufunguo ukikaribia. Vua pete na saa. Fuata utaratibu wa kitabu cha mtengenezaji wa kukata umeme wa volti 48, kwa mpangilio wake, usijitungie wako. Subiri, maana kidhibiti cha mota kina kapasita zinazobaki na chaji. Kisha pima kwa multimita kwenye ncha zenyewe. Mpaka multimita ikuonyeshe umeme umeisha, usichomoe kitu.

Kuna familia ya pili ya magari ambayo hapa ndipo unapoishia. Mercedes-AMG C63 S E Performance ya 2022 na Porsche 911 Carrera GTS ya 2024 hazina supachaja ya pembeni. Mota imo ndani ya turbo yenyewe, kwenye shafti, na umeme wake ni volti 400. Nyaya za chungwa, onyo la kifo limebandikwa. Kama hujasomea umeme wa kiwango hicho na huna glavu zake, mwambie mwenye gari apeleke kwa aliyesomea. Fundi hapunguziwi heshima kwa hilo.

Hatua ya 4: Pima umeme

Anza na betri ya volti 12, hata kama kasoro iko kwenye 48. Kompyuta zote na viunganishi vya usalama vinategemea ile ndogo. Ikilegea, mfumo mkubwa haufungui mlango. Gari likiwa limelala, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kwanza ndipo uendelee, la sivyo utakimbizana na misimbo ya makosa isiyo ya kweli. Injini ikiwa inaunguruma, tarajia kati ya 13.5 na 14.8.

Halafu unganisha mashine ya kusoma kompyuta. Voltiji ya mfumo wa 48 isome humo, usifungue betri ya lithiamu kuipima ndani. Mfumo huu umekusudiwa kufanya kazi kati ya volti 36 na 52. Usithubutu kuichaji kwa chaja ya kawaida ya gereji, na usiiwashe kwa kuazima betri nyingine. Ya kuazimishiwa ni ile ya 12 peke yake, kwenye ncha zilizoonyeshwa na kitabu.

Msimbo utakaoukuta mara nyingi ni P0299, yaani shinikizo la hewa liko chini ya lililoombwa. Usomeni vizuri msimbo huo. Unasema matokeo, hausemi mkosaji. P0299 peke yake si ruhusa ya kuagiza turbo. Tafuta misimbo inayoandamana nao: wa mawasiliano na supachaja, wa kilango cha pembeni, wa voltiji ya 48. Hiyo ndiyo inayokuonyesha njia.

Sasa njoo kwenye plagi, mahali ambapo Malindi inatofautiana na Ujerumani. Hesabu yake ni hii. Kilowati 7 kwa volti 48 ni takriban ampea 146. Kwa volti 12 zingekuwa ampea 583, na kwa kuwa joto linalopotea kwenye waya hupanda kwa mraba wa ampea, waya ule ule ungepoteza joto mara 16 zaidi. Ndiyo sababu walihamia 48. Lakini hata ampea 146 si mchezo. Chukua kiungo kimoja kilicholiwa na chumvi, ukinzani wake umepanda hadi miliohm 5 tu, kiasi ambacho multimita ya kawaida haitakisoma. Supachaja ikivuta nguvu yote, kiungo hicho kinatoa zaidi ya wati 100 za joto, ndani ya plagi ndogo kuliko kiberiti.

Ifungue plagi chini ya mwanga mzuri, usitegemee simu uliyoibana kwa meno. Tazama pini moja moja. Pini nzima inang'aa sawasawa. Iliyoingiliwa ina unga wa kijani au mweupe kwenye shina lake, pale inapoingia kwenye plastiki, na mara nyingine plastiki yenyewe imebadilika rangi kuwa ya kahawia upande mmoja. Gusa mpira mwekundu au wa buluu unaozuia maji mdomoni mwa plagi: ukiwa mgumu na umepasuka, unyevu wa bahari umekuwa ukiingia kwa muda. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kausha kwa hewa, badilisha pini iliyoliwa. Usikwangue kwa msasa, utaondoa tabaka linaloilinda na kutu itarudi kabla ya mwezi kuisha. Kagua vilevile kiungo cha ardhi kwenye bodi. Kukifungua, kukisafisha na kukikaza upya kumefufua magari mengi ya mwambao.

Watu huuliza kama supachaja inamaliza betri. Ile ya SQ7 ina uwezo wa takriban wati-saa 470, na msukumo wa sekunde mbili kwa kilowati 7 hula karibu wati-saa 4, chini ya asilimia moja. Akiba si tatizo. Tatizo la betri iliyochoka ni kushindwa kutoa ampea nyingi kwa mkupuo, na hilo utaliona kwenye mashine: voltiji inazama ghafla pale supachaja inapoamka.

Hatua ya 5: Fuata hewa

Umeme ukiwa sawa, fuata njia ya hewa tangu filta mpaka mdomoni mwa injini. Kwenye Audi supachaja imekaa baada ya turbo na baada ya intakula (kipozeo cha hewa iliyobanwa), karibu na injini, ili hewa isisafiri mbali. Kwingine mpangilio unaweza kuwa tofauti, kwa hivyo uchore kwenye karatasi kabla ya kufungua. Mfumo huu una mipira na klipu nyingi kuliko wa turbo moja, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Mashine ya moshi wa kupimia uvujaji ndiyo bora. Kama huna, ziba upande wa filta, ingiza hewa kwa shinikizo dogo, nusu ba (bar, kipimo cha shinikizo) inatosha, na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Povu litakuonyesha. Chunguza chini ya kila klipu, upande usioonekana. Ukipitisha kidole ndani ya mpira ukapata utando mwembamba wa oili, ni kawaida, unatoka kwenye mvuke wa injini. Ukikuta oili imetuama, unayo kazi upande wa turbo, tutafika.

Kilango cha pembeni kiamuru kwa mashine kifunguke na kujifunga huku ukikitazama au kukisikiliza. Masizi na vumbi hukifanya kizito.

Usiipuuze intakula. Hewa ya Malindi adhuhuri ikiwa nyuzi 32, ikibanwa maradufu hutoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa moto ni nyepesi, na injini ya petroli ikipewa hewa moto hugonga, kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda. Gari linaloenda Tsavo kwa njia ya Sala Gate hurudi na mapezi ya intakula yamejaa vumbi jekundu, juu yake chumvi, na vikichanganyika na unyevu hugeuka tope gumu. Lioshe kwa maji baridi yasiyo na presha kali kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari inakunja mapezi na unabaki na hasara mpya.

Jambo moja kwa wanaosafiri. Malindi tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito. Nairobi iko mita takriban 1,800 juu, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Turbo hufidia kwa kuzunguka kasi zaidi. Kwa hivyo mpira unaovuja kidogo, ambao hapa kompyuta inauvumilia, unaweza kuwasha taa ya injini ukishapita Voi na kuanza kupanda. Mteja akikuambia gari husumbua safarini tu, usimwambie anaota. Rudia kipimo cha uvujaji kwa makini zaidi.

Hatua ya 6: Turbo, na supachaja yenyewe

Turbo inategemea oili ya injini. Ondoa mpira wa hewa, shika ncha ya shafti: kutikisika kidogo sana pembeni kunakubalika, kwenda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi hakukubaliki. Angalia mabawa, yakiwa yamegusa nyumba yake utaona mkwaruzo unaong'aa. Kabla ya kufunga turbo mpya, safisha bomba linaloiletea oili na linaloirudisha. Turbo nyingi mpya hufa kwa sababu ya bomba la zamani.

Supachaja ya umeme kwa kawaida haina uhusiano na oili ya injini. Beringi zake zimefungwa na grisi yake humo humo. Umeme ukiwa umekatwa, zungusha gurudumu kwa kidole. Linapaswa kwenda laini na kimya. Ukihisi mchanga, au likikwama mahali pamoja kila mzunguko, beringi zimekwisha. Usinyunyizie oili wala dawa ya kutu humo ndani, itaosha grisi na kuua kilichobaki. Zaidi ya hapo ni kubadilisha nzima, na nyingi zinahitaji kutambulishwa kwa kompyuta baada ya kufungwa.

Hatua ya 7: Jaribu barabarani, wawili

Mmoja anaendesha, mwingine anasoma mashine. Usifanye peke yako. Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na watu, boda wala ng'ombe, kama barabara ya Sala Gate ukishatoka mjini, na ubaki ndani ya kikomo cha mwendo. Jaribio hili ni la kuondoka, halihitaji kasi. Endesha polepole kwenye gia ya juu kidogo, injini ikiwa karibu mizunguko 1,300, halafu kanyaga kwa uthabiti. Msomaji aangalie namba nne: shinikizo lililoombwa, shinikizo lililopatikana, mizunguko ya supachaja na voltiji ya 48. Sikio litasikia mlio mwembamba, wa juu, unaodumu kitambo na kupotea.

Supachaja ikipanda kasi na shinikizo lisipande, hewa inavuja au kilango kiko wazi. Ikikataa kupanda na voltiji ikazama, rudi kwenye betri na viungo. Ikikataa kupanda na voltiji iko imara, shuku supachaja au mawasiliano yake na kompyuta. Ukirudia mara nyingi mfululizo na nguvu ikapungua, tulia; mfumo hujipunguza wenyewe ukipata joto, si kasoro.

Matunzo ya mwambao

Badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu kwa barabara za Ulaya, na iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, kutoka duka unaloliamini. Kagua filta ya hewa kila baada ya safari ya vumbi. Chembe ya mchanga ikigonga gurudumu la mizunguko 70,000 haiachi salama. Baada ya mwendo mrefu wa kasi, acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Ukiegesha karibu na ufuo au ukipita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, osha chini ya gari kwa maji matamu. Kwenye mvua za masika, maji yakikufikia nusu ya gurudumu, geuza: mdomo wa kuvutia hewa kwa magari mengi haya hauko juu sana, na plagi za 48 ziko chini zaidi.

Je, naweza kufunga kwenye gari langu?

Swali hili huulizwa na wenye Probox, Fielder na Hiace, na kwenye mitandao zinauzwa feni za volti 12 zinazoitwa "turbo ya umeme", unazifunga kwenye mpira wa filta na kuziunga kwenye betri. Tafadhali usinunue. Hesabu inakataa.

Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3,000 humeza mita za ujazo 3 za hewa kila dakika. Kuibana hewa hiyo kwa nusu ba tu juu ya kawaida kunataka nguvu ya takriban kilowati 4. Feni ile inavuta ampea kumi na kitu kwa volti 12, yaani wati mia moja au mia mbili. Haiwezi kubana hewa ambayo injini inaivuta kwa kasi kuliko feni inavyoisukuma, inageuka kizuizi. Na bawa la plastiki likivunjika, linakoelekea ni ndani ya injini.

Pesa hiyo hiyo, kama gari lako lina turbo, itie kwenye filta halisi, mipira mipya ya hewa, klipu imara na kuosha intakula. Prado au Hiace ya dizeli yenye viungo visivyovuja itakushangaza.

Kama umekusudia kufunga supachaja halisi ya umeme, jua unachonunua: betri ya volti 48 na kidhibiti chake, kifaa cha kuichaji kutoka mfumo wa 12, nyaya nene na fyuzi zake, maji ya kupozea, kilango cha pembeni, na mtaalamu wa kuipanga upya kompyuta ya injini ili mafuta yalingane na hewa. Kikikosekana kimoja, unaweza kuunguza nyaya au hata pistoni. Na kabla fundi hajakata mpira wa kwanza, iandikie kampuni ya bima ukieleza mabadiliko unayotaka kufanya, upate jibu lao kwa maandishi, kisha uulize NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari litakaguliwaje likishamalizika.